Muuguzi na Hesabu Zake



Juma lililopita walitujia wageni watatu nyumbani: baba, mama na binti yao mwenye miaka 15. Walipokwisha kuketi na kupewa maji ya kunywa, baba alitueleza shauri lao. Binti huyu tangu utoto wake anatamani kuwa muuguzi. Nyanya yake mzaa mama alipougua, ni yeye aliyemgeuza kitandani, ni yeye aliyemnywesha uji na kumfulia nguo. Lakini pointi zake za hesabu si nzuri, na zile za fizikia ni mbaya zaidi. Mwalimu mmoja amemwambia aliache wazo hilo, atafute shule ya ushonaji. Baba yake mdogo amemwambia kinyume: asijali kitu, kwa maana kuuguza ni kazi ya moyo na mikono, hesabu ni mambo ya wachuuzi na wajenzi.

"Basi," akasema baba, "tumsadiki nani?"

Tuliwajibu kwamba wote wawili wamekosea. Na kwa kuwa twajua ya kuwa shauri hili linasumbua jamaa nyingi, hasa wakati wa kuchagua shule, tumeona vema kulijibu hapa mbele ya wote.

Si nyingi, bali kamili

Tuanze kwa kuwatuliza wenye hofu. Muuguzi hahitaji hesabu za juu ili amtunze mgonjwa. Milinganyo mirefu ya aljebra hunoa akili, nayo imo katika mitihani, kwa hiyo mwanafunzi asiidharau. Lakini kando ya kitanda haitumiki. Hesabu zinazotumika pale ni zile ambazo kila mtoto alifundishwa katika shule ya msingi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, sehemu za kitu kizima, namba zenye koma, asilimia, kanuni ya tatu, vipimo vya uzito na vya vinywaji, kusoma saa. Hayo tu. Mwenye kuyajua hayo vema, ana hesabu zote anazohitaji karibu na mgonjwa.

Basi ugumu uko wapi? Uko katika neno hili "vema". Shuleni, mwanafunzi akipata pointi 16 juu ya 20, tunampongeza, na mama yake anampikia kuku. Lakini muuguzi aliyepata 16 juu ya 20 katika kupima dawa, amekosea wagonjwa 4 kati ya 20. Nani kati yetu angependa mtoto wake awe mmoja wa wale wanne? Ndiyo maana twasema: hesabu za muuguzi si nyingi, bali lazima ziwe kamili. Mwanafunzi wa kawaida anaweza kuzipata, ikiwa atakubali kuzirudia mpaka zisimponyoke hata akiwa na usingizi.

Mtoto wa kilo 12

Tutoe mfano, ili tusizungumze hewani. (Mfano huu ni wa kujifunzia tu, dawa za sindano si za kutumiwa nyumbani.)

Mama anamleta mtoto mwenye malaria kali katika kituo cha afya. Mtoto anatetemeka, hawezi kunyonya wala kunywa. Dawa inayotolewa siku hizi ni artesunate ya sindano. Mtoto asiyefika kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Muuguzi anampima kwanza: kilo 12. Halafu anazidisha: mara 3, ni miligramu 36.

Lakini kazi haijaisha. Dawa imo katika kichupa kidogo, ni unga, miligramu 60. Unga unayeyushwa kwa mililita 1 ya maji yake maalum, kisha zinaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Sasa kichupa kina mililita 6, na ndani yake miligramu 60. Kwa hiyo kila mililita ina miligramu 10. Kama mtoto anahitaji miligramu 36, muuguzi atavuta mililita ngapi? Atagawanya 36 kwa 10, naye atapata mililita 3,6.

Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Lakini tazameni ni mara ngapi mtu anaweza kuteleza. Akikisia uzito kwa macho badala ya kutumia mizani, amekosea tangu mwanzo. Akisahau zile mililita 5 za nyongeza, dawa itakuwa kali mara sita kuliko anavyodhani. Akiweka koma mahali pasipo pake, mtoto atapata sehemu ya kumi ya dawa, au mara kumi zaidi. Kwa sababu ya koma, wauguzi wenye busara hushika desturi mbili: huandika sifuri mbele ya koma, "0,4" wala si ",4"; tena hawaandiki sifuri ya bure nyuma, "4" wala si "4,0". Koma ni kitu kidogo, hufutika kwa jasho la kidole.

Wengine watauliza: kwa nini artesunate, wakati baba zetu walitibiwa kwa kinini? Hapo pia hesabu ndiyo iliyojibu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, watoto 5425 wenye malaria kali walitibiwa katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Nusu walipewa kinini, nusu artesunate. Kwa kinini walikufa 10,9 katika kila watoto 100. Kwa artesunate 8,5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini tuihesabu kwa watoto 1000: kwa kinini wanakufa 109, kwa artesunate 85. Watoto 24 wanarudi nyumbani mgongoni mwa mama zao. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri artesunate kwa watoto pia. Muuguzi anayeelewa asilimia anajua kwa nini desturi imebadilika. Asiyeielewa hunung'unika tu kwamba dawa ya zamani ilikuwa nzuri.

Matone na saa

Kazi nyingine ya kila siku ni serumu, yale maji ya mshipani. Mganga ameandika: lita 1 kwa saa 8. Muuguzi hana mashine; ana mpira, kifungo cha kupunguzia matone, na saa mkononi. Kwa mpira wa kawaida, matone 20 ni mililita 1. Lita moja ni mililita 1000, basi ni matone 20000. Saa 8 ni dakika 480. Anagawanya 20000 kwa 480: karibu matone 42 kwa dakika. Aliyezoea huhesabu kwa robo ya dakika tu, matone 10 au 11, kisha huendelea na mgonjwa mwingine.

Sasa, siku ile mipira ya kawaida imekwisha ghalani, kuna ile ya watoto tu, ambayo matone yake ni madogo: 60 kwa mililita moja. Muuguzi asiyefikiri ataweka matone yale yale 42, kwa kuwa amezoea. Lita ile itamaliza karibu saa 24 badala ya 8, na mama aliyetoka damu nyingi katika uzazi atapata theluthi moja tu ya maji aliyoandikiwa. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Amenyimwa na hesabu.

Kadhalika chupa ya oksijeni. Chupa kubwa ya lita 40 iliyojazwa hadi bar 150 ina lita 6000 za hewa hiyo, maana hewa hubanwa. Tunazidisha 40 kwa 150. Usiku unapoanza, mshale waonyesha bar 30. Basi zimebaki lita 1200. Mgonjwa anavuta lita 5 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: ni dakika 240, yaani saa 4. Muuguzi anayejua kuhesabu atatuma mtu mapema kutafuta chupa nyingine. Asiyejua ataamshwa usiku wa manane na kilio cha jamaa.

Na sayansi je?

Kuhusu sayansi, watu huuliza: kiasi gani? Jibu letu ni hili: kiasi cha kuweza kujibu neno moja, "kwa nini". Mikono inaweza kufundishwa kudunga sindano kwa juma moja. Lakini mikono isiyojua sababu hufanya yale yale hata siku ambayo yanaleta madhara.

Tunao ukumbusho wa uchungu katika nchi yetu yenyewe. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi, hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120, na watu walitoka mbali kuja kutibiwa. Vifaa vilikuwa vichache sana. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 ya sindano na sindano zake kwa kazi ya siku nzima, na kati ya mgonjwa na mgonjwa mara nyingi vilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Mwezi wa Agosti mwalimu mmoja wa shule ya misheni alikuja na homa, akadungwa sindano ya malaria. Baada ya siku chache ugonjwa usiojulikana ulianza kuenea, ule ulioitwa baadaye Ebola kwa jina la mto. Watu 318 walipatwa, 280 walikufa. Katika watumishi 17 wa hospitali ile walikufa 11, na masista kati yao.

Hatulisemi jambo hili kwa kuwahukumu. Watu wale hawakukimbia. Walitoa uhai wao wakitunza wagonjwa. Upendo haukupungua Yambuku. Lakini kijidudu hakijali upendo wa mwenye kushika sindano. Chajali joto, na sabuni, na klorini. Hii ndiyo biolojia ambayo muuguzi anaihitaji: ajue kwamba uhai mdogo usioonekana unaweza kukaa katika tone la damu lisiloonekana, nao unaweza kusafiri kwa sindano kutoka mtu hata mtu.

Sasa fizikia, ile iliyompa binti yetu pointi mbaya. Kitabu cha shule kinasema maji huchemka kwenye digri 100. Ni kweli, ufukoni mwa bahari. Lakini sisi wa Bukavu na Goma twakaa karibu meta 1500 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, nayo haiyakandamizi maji kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digri 95 hivi, na hata ukiongeza kuni hayapandi tena. Akina mama wanajua maharagwe ya milimani yanavyochelewa kuiva. Muuguzi anayejua sababu hiyo hawezi kuamini kwamba kuchemsha vyombo katika sufuria ya wazi kunatosha kwa upasuaji. Mbegu ngumu za vijidudu, kama zile za pepopunda, hustahimili maji yanayochemka. Ndiyo maana hospitali hutumia ile sufuria nzito yenye mfuniko wa kukaza: mvuke uliofungwa hukandamiza, joto hupanda hadi digri 121, nalo hushikiliwa dakika 15 au zaidi, zikihesabiwa tangu joto limefika, wala si tangu moto umewashwa. Mwanafunzi aliyekariri "digri 121" bila kuelewa, siku kuni zikipungua atapunguza dakika. Aliyeelewa hatapunguza.

Na kemia? Kati ya mwaka 2018 na 2020, Ebola ilipozuka katika Kivu Kaskazini na Ituri, ikawapata watu 3470 na kuwaua 2287, kila mlangoni pa kituo palikuwa na ndoo mbili za maji ya klorini. Ya kuoshea vyombo na sakafu ilikuwa ya 0,5 kwa mia. Ya mikono ilikuwa 0,05 kwa mia. Tazameni tena koma na sifuri zake! Mwenye kukosea upande mmoja anachubua mikono ya watu. Mwenye kukosea upande wa pili anaacha ugonjwa sakafuni. Kutengeneza lita 10 za maji makali kunahitaji gramu 50 za klorini. Lakini unga wenyewe si klorini tupu. Kama ni wa 70 kwa mia, lazima tuchukue gramu 71 hivi. Asomaye kibandiko cha kopo na kugawanya 50 kwa 0,7 amefanya kemia na hesabu kwa pamoja.

Hata kuhara kwa mtoto kunadai sayansi. Pakiti ya SRO imetengenezwa kwa lita 1 ya maji, si zaidi wala si pungufu. Sukari na chumvi zilizomo hupita pamoja katika ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Ndiyo maana mtoto anapona kwa kunywa kile ambacho maji matupu hayawezi kumfanyia. Maji yakizidi, dawa inakuwa hafifu. Maji yakipungua, chumvi inakuwa nyingi mno mwilini, jambo la hatari kwa mtoto mchanga. Lakini mama nyumbani hana chombo cha lita. Ana chupa kubwa ya bia, ambayo mara nyingi ni ya sentilita 72. Muuguzi anayejua kuhesabu hamwambii tu, "Tia katika lita moja." Anaisoma chupa, kisha anasema: "Mama, jaza chupa moja, na ya pili uitie zaidi kidogo ya theluthi." Maneno hayo machache yameokoa watoto.

Na elimu ya mwili? Mtoto aliyekonda kwa njaa kali, moyo wake umedhoofika pia. Muuguzi mwenye huruma bila elimu atamwona amekauka, naye atafungua serumu iende mbio. Maji yatauzidi moyo nguvu, yajae mapafuni, na mtoto atakufa mikononi mwa mtu aliyetaka kumsaidia. Yafaa tuliseme waziwazi: huruma isiyojua inaweza kuua. Wala elimu isiyo na huruma haimgeuzi mgonjwa kitandani. Muuguzi ni yule aliye navyo vyote viwili.

Bibi aliyehesabu

Wale wanaosema kwamba hesabu si mambo ya wanawake, au si mambo ya wauguzi, wamkumbuke Florence Nightingale wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1820. Mwaka 1854 alikwenda Scutari, katika nchi ya Waturuki, kuwatunza askari wa vita ya Krimea. Watu wanapenda kusimulia taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda. Lakini alishika pia kalamu. Alihesabu waliokufa na sababu za kufa kwao, akaonyesha kwa michoro kwamba wengi zaidi waliuawa na magonjwa kuliko majeraha ya vita. Na magonjwa mengi katika hayo yangaliweza kuzuiwa kwa usafi. Michoro ile iliwasukuma wakubwa wa serikali. Mwaka 1858 alipokewa, wa kwanza miongoni mwa wanawake, katika chama cha wataalamu wa takwimu wa London. Mwaka 1860 ilifunguliwa shule ya wauguzi kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas'. Aliyeanzisha shule hiyo alikuwa mtu wa hesabu.

Muuguzi wa kituo kidogo porini afanya kazi hiyo hiyo kila juma anapojaza daftari. Juma hili wenye kuhara ni 3. Juma la pili 4. La tatu 11. Anayejaza bila kutazama ataandika 11, afunge daftari, aende zake. Anayetazama atapiga simu kwa wakubwa wa zone ya afya jioni ile ile, na pengine kipindupindu kitazuiwa kabla hakijafika sokoni.

Maneno kwa kila mmoja

Kwa wanafunzi. Usiione hesabu kama adui. Haba na haba hujaza kibaba: fanya tatu kila jioni, wala usingoje usiku wa mtihani. Kabla ya kuhesabu, kisia jibu. Baada ya kuhesabu, jiulize kama jibu linalingana na akili. Ukiona mtoto mdogo anahitaji ampuli mbili nzima za dawa kali, simama, rudia. Mpe mwenzako ahesabu peke yake, kisha linganisheni. Kutumia mashine ya kuhesabia iliyo katika simu si aibu, lakini mashine hutii tu. Ukiipa namba mbaya, itakupa jibu baya kwa haraka zaidi. Tena usione haya kusema, "Sijaelewa." Mficha maradhi, kifo humfichua, na mficha ujinga katika kazi hii humfichua kwa kifo cha mwingine.

Kwa walimu. Mwanafunzi akishindwa kugawanya ubaoni, mpeni kopo la maziwa, chupa na bomba la sindano lisilo na sindano, apime maji. Wengi walioshindwa kwa chaki wameelewa kwa maji. Wala msimfukuze mtoto kwa sababu hajui leo. Tena msimpitishe kwa sababu mmemhurumia. Tumesikia pia, na hatutaji shule yoyote, kwamba kuna mahali ambapo pointi hupatikana kwa bahasha. Twawaambia wanaotoa na wanaopokea: diploma iliyonunuliwa haijui kugawanya. Siku moja mtoto wa kilo 12 atalazwa mbele yake, na labda mtoto huyo atakuwa wenu.

Kwa wazazi. Mnasema binti yenu ni dhaifu katika hesabu. Je, anazisomea saa ngapi? Kaka yake anaporudi shuleni anakaa na daftari. Yeye anachukua ndoo. Kisha anapika, anaosha vyombo, anambeba mdogo wake mpaka alale, na kufikia hapo taa imezimwa. Halafu mwisho wa mwaka mnazilinganisha pointi zao, mkisema wasichana hawana akili ya namba. Mpeni saa moja kila siku, na kijana naye achukue ndoo. Saa hiyo itawagharimu kidogo, nayo itaweza kuwapatia muuguzi.

Binti yetu

Tumalizie kwa wageni wetu. Siku ile tulimpa binti hesabu tatu za kufanya nyumbani, tukamwambia arudi baada ya siku mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matone. Ya pili ya maji ya klorini. Ya tatu hii: mganga ameandika miligramu 120 za kinini kwa mtoto wa kilo 12. Ampuli ina miligramu 600 katika mililita 2. Uvute mililita ngapi?

Alirudi pamoja na mama yake. Mbili za kwanza alikuwa amezipata. Katika ya tatu aliandika: mililita 4.

Hatukumwambia kitu. Tulimwekea mezani ampuli mbili tupu, tukamwuliza kila moja ina mililita ngapi. "Mbili," akasema. Akatazama daftari lake, akatazama ampuli. Akachukua kalamu, akagawanya tena polepole: 600 kwa 2 ni 300; 120 kwa 300 ni 0,4. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ningempa mara kumi." Mama yake akamshika mkono.

Kinini ikizidi hivyo husumbua moyo na inaweza kuondoa nuru ya macho. Tulimweleza hayo, kwa sababu alipaswa kuyajua. Halafu tulimweleza jambo lingine, nalo twataka wasomaji walisikie pia. Pointi zake mbaya haziwezi kumzuia kuwa muuguzi. Mtu anayeweza kuliona kosa lake mwenyewe, akatetemeka, akarudia hesabu mpaka ikawa sawa, huyo ana tabia tunayoitafuta. Mwenye kututia hofu ni yule ambaye angeandika 4, afunge daftari, aende kulala.

Siku hizi hufika jioni tatu kila juma kwa mwalimu wa hesabu jirani na kwao. Na ndoo, tumeambiwa, inachukuliwa na kaka yake.